Hamira Iliyokufa kwa Maziwa

Wanangu wawili wa kwanza waliuawa na maziwa yangu. Nasema waliuawa. Kufariki ni neno la matangazo ya kanisani. Na waliosaidia nitawataja humu. Majina siyaandiki, kwa sababu wana wajukuu na wajukuu hawana kosa, lakini kila mmoja akisomewa atajijua. Mabukwe yumo, ndivyo sisi Warundi tunavyomwita mama mkwe. Mume wangu yumo. Nesi wa hema la lishe pale Mtendeli yumo. Yule tuliyemwita profesa yumo pia, ingawa bila yeye leo nisingeitwa mama na mtu. Mimi mwenyewe nitajiweka mahali pangu, msiniharakishe.

Wa kwanza nilimzaa kwetu, kabla vita havijatufukuza. Mtoto mnene, alishika titi kana kwamba alilijua tangu tumboni. Siku ya nne akaanza kutapika. Siku ya saba macho na ngozi vikawa vya manjano, tumbo likavimba, kitovu kikawa kinatoa damu. Hakumaliza wiki tatu. Wa pili nilimzaa Mtendeli, wilaya ya Kibondo enzi hizo, chini ya turubai, mwaka wetu wa kwanza wa ukimbizi. Akafuata njia ile ile, hatua kwa hatua, kama vile kaka yake alimwachia alama. Kila alipolia nilimpa titi. Kila nilipompa titi alitapika. Nami nikampa tena, maana mtoto akitapika si anabaki na njaa? Nani angefikiri vingine?

Mabukwe alifikiri. Tulipomaliza kumzika wa pili alinijia asubuhi na kipande cha jani la mgomba. "Kamua hapa," akasema. Nikakamua. Kwao mlimani, maziwa ya mama yakishukiwa hupimwa kwa sisimizi. Unamweka sisimizi kwenye tone. Akifa, maziwa ni sumu. Akipona, maziwa ni mazima. Majirani wakakusanyika. Mmoja akatania, "Mchagueni mwembamba, mnene atakufa kwa ulafi." Mabukwe akaweka watatu. Wakatembea ndani ya maziwa yangu, wakanywa, wakaenda kuwaita wenzao.

"Mnaona?" akasema mabukwe, na hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akiwaambia majirani. "Maziwa ni mazima. Basi kibaya ni mwenye nayo."

Tangu siku hiyo nikawa mwanamke aliyetoka nje ya ndoa akambemenda mtoto wake. Mume wangu alikuwepo, amesimama, anachokonoa meno kwa kijiti. Hema letu lilikuwa la hatua nne, alijua ninapolala na ninapoamkia. Akaendelea na kijiti chake.

Nilianza kukamua rwarwa, pombe yetu ya ndizi. Sikuwa na kazi nyingine niliyoijua, na mikono ikikosa kazi kichwa kinarudi kaburini. Waha wa vijiji vya jirani walituletea ndizi, sisi tukawapa mahindi ya mgao. Unaivisha ndizi shimoni, unazikanda kwa majani makavu mpaka maji yake yatoke, unatia unga wa mtama uliokaangwa, ndio hamira yetu, unafunika. Kambini pombe ilikatazwa, kwa hiyo ilinywewa sana.

Profesa alikuwa mteja wangu wa kila siku. Mtu mzima, mwembamba, suruali ameifunga kwa kamba ya turubai, miwani yake ina kioo kimoja. Kwa kweli hakuwa profesa. Alisema alikaa Ulaya miaka kadhaa akifanya kazi katika maabara, akarudi nyumbani, vita vikamkuta, vyeti vikaungua na nyumba. Kliniki ya kambi alikwenda kuomba kazi, wakamwomba vyeti. Basi akawa anakuja kwangu. Kabla hajanywa alikuwa na desturi moja iliyowachekesha watu: aliinama, akaweka sikio kwenye dumu linalochacha, akasikiliza.

"Wanasemaje leo, profesa?" watu wakamwuliza.

"Wanafanya kazi," akajibu. "Kuliko ninyi."

Mwaka wa tatu wa kambi nikazaa tena, mtoto wa kike. Siku ya nne nilikuwa nimekaa mlangoni namnyonyesha, profesa yuko na mrija wake mdomoni. Mtoto akatapika. Nikampangusa, nikamrudisha titini. Akatapika tena. Profesa akautoa mrija.

"Muvyeyi," akasema, ndivyo tunavyomwita mzazi kwa heshima, "huyo anatapika tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na waliotangulia?"

Nikamweleza kwa hasira, maana nani alimwuliza mlevi? Nikamweleza manjano, tumbo, kitovu. Nikamweleza na sisimizi.

"Mabukwe wako ana akili," akasema.

"Ana akili?" Nusura nimmwagie machicha.

"Amepima. Watu wengi hawapimi, wanasema tu. Alichokosea ni mdudu. Ulaya sisi tulipimia hamira."

Nikacheka, Mungu anisamehe, mtoto ananifia mapajani na mimi nacheka. Nikamwambia hao wazungu wameshiba kweli, hata hamira wanaipa chakula.

"Ndiyo kazi yangu ilikuwa hiyo. Kuilisha na kuiosha vyombo vyake." Akavuta kigoda karibu. Alikuwa hajanywa hata nusu, nasema hivyo kwa sababu baadaye ni muhimu. Akaniambia kwamba ndani ya kila chenye uhai kuna protini. Nikasema protini naijua, ni maharage, tumeimbishwa kliniki. Akasema hizo ni za kula. Hizi nyingine ni mafundi. Kila moja ina kazi yake, huyu anavunja, yule anajenga. Yupo fundi ambaye kazi yake ni sukari iliyomo ndani ya maziwa tu. Akiwa mbovu, ile sukari inageuka njiani, inakuwa sumu, inaharibu ini, inaharibu macho.

"Na hamira inahusu nini?"

"Hamira ina fundi huyo huyo. Kama wewe. Wewe na hiki kilichomo kwenye dumu ni ndugu wa mbali sana, mligawana mafundi kabla hamjatengana." Alisema kule walichukua hamira wakamwondoa fundi wake. Wakaipa chakula chake cha kawaida, ikaota vizuri. Wakaongeza ile sukari ya maziwa kidogo tu, ikagoma, ikafa, na chakula kingine kipo pale pale. Halafu wakatia ndani yake fundi wa binadamu. Ikaota tena. "Fundi wa mtu, ndani ya hamira, anafanya kazi kama nyumbani kwake. Mimi niliona kwa macho yangu, nikafikiri nimeosha vibaya vyombo. Halafu wakatia fundi aliyetoka kwa mtoto mgonjwa. Ikafa."

Nikamwangalia binti yangu. Amelala, ute mweupe shavuni.

"Kwa hiyo sisimizi," nikasema.

"Sisimizi wana fundi wao mzima. Wangekunywa maziwa yako mpaka mwaka mpya. Mtoto wako ndiye hana. Maziwa ni mazima, na wewe mwenye nayo ni mzima. Wewe na baba yake kila mmoja ana fundi mmoja mzima na mmoja mbovu, hamuugui. Mtoto akipata wale wabovu wawili, basi."

Miaka miwili nilikuwa nimeitwa malaya. Mlevi mwenye kioo kimoja ndiye wa kwanza kusema mimi ni mzima.

Nikamwambia achukue hamira yangu apime. Akatikisa kichwa. Hii yangu ina mafundi wake wote, haiwezi kumjibu. Kuwatoa na kuwatia kunahitaji mashine, umeme, barafu, watu. "Hapa nina masikio tu."

"Sasa utajuaje?"

Akavua miwani, akafuta kile kioo kimoja. "Tumwachishe maziwa yote, ya kwako na ya kopo. Akipona, ni fundi. Asipopona, nimekosea."

"Yaani mwanangu ndiye hamira yako."

Hakukataa. Nimemchukia kwa kutokukataa, na nimemheshimu kwa hilo hilo.

Nikafunga matiti kwa kitambaa cha kubebea mtoto. Aliyewahi kufanya hivyo hahitaji kuelezwa. Yaliuma hadi makwapani, homa ikapanda, kila mtoto wa jirani akilia kitambaa kinalowa. Nilikamua chini, nyuma ya choo, nikafukia kwa mguu. Mtoto nikampa uji mwepesi wa ule unga wa soya wa mgao, nimeuchuja mara mbili kwa kitambaa safi, na sukari, na tone la mafuta. Akaendesha. Akalia mpaka sauti ikaisha. Lakini hakutapika. Manjano yalikuwa yameshamwingia; siku ya tano ya uji yakaanza kuondoka, yakianzia miguuni. Profesa alikuja kila asubuhi na daftari la shule lililokatwa nusu, akaangalia macho, akaangalia kinyesi, akaandika. Mara moja nilimkuta anatabasamu peke yake. Sikuwa nimewahi kuliona jino lake.

Mtoto akaishi. Si kwamba alinenepa. Soya si maziwa, ninyi nyote mnajua. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, kichwa kikubwa. Lakini alipita wiki tatu, akapita mwezi, akapita miezi mitatu, akaanza kunichekea. Hakuna aliyetangulia aliyenichekea.

Hapo ndipo waliponijia.

Kila mwezi watoto walipimwa uzito kliniki. Mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mzani kama kuku. Anayeanguka chini ya mstari mwekundu anapelekwa hema la lishe, na familia inaongezewa unga na mafuta. Basi kina mama wa kambini walikuwa na ujuzi wao: walimleta mtoto kabla hajala, wengine walimpa jani la kuharisha jana yake, ili aanguke chini ya mstari. Mimi nilihitaji asianguke, kwa sababu ndani ya lile hema kulikuwa na kitu kimoja tu cha kunywesha, nacho ni maziwa. Nikashona vijiwe kwenye pindo la nguo yake ya ndani. Mwezi wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa tatu, mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akacheka, "Mwenzetu mwanao anazidi uzito na mashavu yanapungua, anakula kokoto?" Alisema tu kwa mzaha. Nesi akasikia. Akapapasa pindo.

Akavitoa vijiwe kimoja kimoja, akavipanga mezani.

"Wanaopunguza nimewazoea," akasema. Alikuwa Mtanzania, mwanamke wa makamo, hodari, watoto wengi waliponea mikononi mwake, hilo siwezi kulifuta. "Wewe ni wa kwanza kuongeza. Unaficha nini, wewe mama?"

Nikajaribu. Nikasema maziwa yanamdhuru. Nikasema fundi. Nikasema hamira. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi, kikanikatikia mdomoni. Akamwita mabukwe, aliyekuwa amekaa kivulini na wenzake. Mabukwe akasema kwa Kirundi, na mtafsiri akatafsiri kila neno, kwamba mkamwana wake alifunga matiti mtoto akiwa na siku nne, kwamba anamwaga maziwa nyuma ya choo, kwamba ameshazika wawili, kwamba anamsikiliza mlevi. Hakuna hata neno moja la uongo ndani yake. Ndiyo maana simsamehe: alisema kweli yote, akanimaliza.

Mume wangu akaulizwa. Akasema, "Mambo ya watoto ni ya wanawake."

Nesi akaniambia mambo mawili: mtoto anaingia hemani leo, na nikikataa kadi yangu ya mgao inafutwa. Bila kadi hakuna soya. Nikaingia.

Ndani ya hema nesi hamnyweshi mtoto. Mama ndiye anayeshika kikombe, ili azoee. Kila baada ya saa tatu kengele inagongwa, kina mama sote tunanyanyua vikombe. Mahali pangu nilisema nitajiweka, ni hapa. Mkono uliomwekea yale maziwa mdomoni ni wangu. Aliyapenda. Alikunywa kwa pupa, akanishika kidole, akalamba ukingo wa kikombe. Nesi akanipiga begani kwa upole: "Unaona sasa? Alikuwa na njaa tu." Nami, kwa muda wa vikombe viwili, nilimwamini nesi. Nilitaka iwe njaa tu. Njaa ningeiweza.

Kesho yake akatapika. Nesi akasema ni tumbo halijazoea. Siku ya tatu weupe wa macho ukaanza kugeuka.

Mchana ule profesa akaja kwenye uzio wa hema. Nilimwona kwa mbali anavyokanyaga, nikajua. Alikuwa amelewa. Na pombe aliyolewa ni yangu, dumu nililoliacha limefunikwa nilipochukuliwa, hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Akamwita nesi. Akaanza Kifaransa, akaingia Kirundi, akasema hamira, akasema sukari, akajishika kwenye uzio ukapinda. Kina mama wakacheka vikombe vikimwagika. "Profesa, hamira imekupanda!" mmoja akapaza sauti. Nesi hakucheka. Alisema tu, "Mlinzi, mwondoe." Wakati anaburutwa alinigeukia, akaniuliza swali moja kwa Kirundi, lugha safi kabisa:

"Alianza kutapika kikombe cha ngapi?"

Alikuwa na lile daftari mkononi.

Ndivyo nilivyoelewa kwamba hakuna atakayekuja. Mwenye uwezo hakuwa na ujuzi, mwenye ujuzi alikuwa anaandika.

Kesho yake ilikuwa siku ya mgao. Saa sita mchana kambi nzima iko kwenye foleni ya mahindi, hata mlinzi wa hema alikwenda kumshikia mkewe nafasi. Kengele ya kikombe ikagongwa. Nikanyanyua kikombe kama wenzangu, nikamimina maziwa yote kifuani mwangu ndani ya nguo, nikamfunga mtoto mgongoni, nikasema nakwenda chooni. Nikapita choo. Nikapita mahema ya mwisho, nikapita mahali ambapo mkimbizi haruhusiwi kupita bila kibali, nikashika njia ya wauza ndizi kwenda Gwarama, kijijini kwa Waha. Maziwa yalinikaukia mwilini, nzi wakanifuata hadi jioni. Kadi ya mgao niliiacha kwa mume wangu. Hakuja kunitafuta. Nasikia alioa mwezi wa nne baada ya hapo.

Gwarama nilimwangukia mama wa Kiha aliyekuwa akituletea ndizi. Kiha na Kirundi ni pua na mdomo, tulielewana. Hakuuliza kibali. Aliuliza, "Unajua kulima?" Nikalima kwake maharage na mahindi misimu mitatu, na chakula cha mtoto kikatoka humo: karanga za kusaga, maharage ya kuponda, ndizi. Manjano yakaondoka tena. Ukungu wa macho haukuondoka. Ulikuwa umeshaingia, labda kwenye vile vikombe, labda kwenye zile siku nne za kwanza, profesa pekee ndiye angeniambia, na sikumwona tena. Kutembea alichelewa. Kusema alichelewa zaidi, na mpaka leo, mwanamke mzima, tukiwa hapa Kitanga upande wa Kasulu, maneno yake yanatoka moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Mabukwe alikuja Gwarama kabla sijahama, mtoto ana umri wa miaka mitatu hivi. Wauza ndizi walimwambia yupo hai, hakuamini, akaja kuangalia. Alikuwa amezeeka, peku, na kichwani amebeba kibuyu. Nilijua kilichomo kabla hajakitua. Kwetu mtu mwenye kosa hasemi nimekosa. Analeta maziwa. Alikuwa amebadilisha mgao wake wa wiki kwa yale maziwa, na wewe ukiyakataa umekataa amani, umemtema mbele ya watu.

Akapiga magoti, mama mkwe mbele ya mkamwana, jambo ambalo sijaliona tena maishani. Akamimina kwenye kikombe, akamsogezea mtoto.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Kunywa kwa bibi."

Mtoto hakuona vizuri, lakini alinusa. Nilikuwa nimemfundisha kwa vibao, nasema wazi, vibao vya kweli, kila alipokaribia kikombe cha watu. Akanyoosha kiganja, akakifunika kikombe.

Mabukwe akanitazama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nilikuwa nimeyapanga misimu mitatu kwenye matuta ya maharage. Nikamwambia, "Yamwage."

Akamwaga. Chini, mbele ya mlango, kikombe kwanza halafu kibuyu chote, taratibu. Tukakaa tunaangalia ile ardhi nyeupe inavyokunywa. Sisimizi wakaja, mmoja kwanza, halafu mstari mzima, wakaingia ndani yake, wakanywa, na hakufa hata mmoja.